Mlango Asiouvuka Mwanangu

Nilianguka kati ya kitanda na sanduku la nguo, asubuhi, msimu wa kuchimba viazi, na mwanangu akasimama mlangoni asiingie. Naanza hapo kwa sababu kila anayenitembelea hutaka nianze kwingine, kwa Mungu au kwa presha. Mungu namshukuru na presha naimezea dawa. Lakini ugonjwa wangu mimi ulianzia mlangoni.

Nakaa Kibirichia, upande wa juu, ambako baridi ya mlima ikiamua huunguza shamba zima la viazi usiku mmoja. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na hata leo watu wazima wenye mvi hunipa njia wakiniita Mwalimu. Mume wangu tulimzika zamani. Nina watoto wawili. Kagendo ni karani katika ofisi ya serikali mjini Embu. Mwenda ndiye mdogo, na ndiye tunayeishi naye boma moja. Nyumba yake iko ng'ambo ya zizi. Mke wake alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, anawaogesha wazee wa watu huko, na sisi hutupigia simu Jumapili.

Asubuhi hiyo Mwenda alileta maziwa kama kawaida, akaniita akiwa sebuleni. Nilimsikia vizuri sana. Nilitaka kumjibu, lakini mdomo ulikuwa umehamia upande na ulimi umelala. Akaita tena. Kisha akausukuma mlango wa chumba kwa ncha ya kidole, akauona mguu wangu sakafuni, akarudi nyuma.

"Mama," akasema, "umevaa?"

Sikuwa nimevaa. Nilikuwa na shimizi, nayo ilikuwa imenipanda mpaka kiunoni. Nikatoa sauti kama ya ng'ombe.

"Ngoja nikuitie mtu," akasema, na nikasikia buti zake zikitoka mbio.

Kwa asiyejua: kwetu kijana akishatahiriwa haingii tena chumba anacholala mama yake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, na hakuna anayekutisha kwamba utakufa ukiingia. Huingii tu, kama vile huvui suruali sokoni. Mwenda alikuwa akirukia kitandani kwangu kupasha miguu moto mpaka likizo ile ya Desemba alipotahiriwa. Alipopona akasahau, akaingia chumbani kutafuta sweta. Nilimfukuza kwa sauti iliyofika kwa majirani, nao wakacheka. Hakusahau tena. Sisemi hivi kwa kujilaumu. Mama yangu aliwafukuza kaka zangu vivyo hivyo, nasi tukaona ni wanaume sasa.

Basi Mwenda akaenda kutafuta mwanamke. Lakini huo ulikuwa msimu wa kuchimba viazi, lori limekwisha kuegeshwa barabarani linangoja magunia, na kila mwanamke mwenye mgongo alikuwa shambani. Akakimbia shamba hili, akakimbia lile. Mimi nililala pale nikitazama jua likiingia dirishani, likapanda sanduku, likashuka sanduku. Nilijikojolea. Buibui alikuwa akifanya kazi yake chini ya kitanda na nilimwonea wivu kwa ajili ya miguu yake. Waliponifikia jirani yangu Mama Kinya na wenzake, mikono yao ikiwa imejaa udongo, nilikuwa nimeshapooza upande mmoja.

Daktari alisema tungewahi mapema mkono ungekuwa na nafuu kubwa zaidi. Alisema mbele ya Mwenda. Mwenda akazitazama buti zake.

Sitakuchosha na mambo ya mishipa ya kichwa. Wewe unayesoma huku mkono wako umelala pajani kama mgeni umeshaambiwa yote hayo. Nitakwambia kuhusu benchi. Kagendo alinipeleka Embu ili awe karibu nami, na kliniki yetu ilikuwa na benchi refu ambalo mtu hukaa tangu asubuhi akisogea kidogo kidogo kwa makalio. Mate yalinitoka bila ruhusa. Watu walinitazama mdomo, kisha wakatazama ukutani, na kuna mama mmoja aliyenishika kichwa akaniombea kwa sauti bila kuniuliza, akamwomba Mwathani, Bwana wetu, anipokee kwa amani. Sikuwa na ulimi wa kumwambia kwamba sijapanga safari.

Kagendo anaishi chumba kimoja cha kupanga. Alinilaza kwenye kitanda chake, yeye akalala chini, na kabla ya kwenda kazini alinifunga nepi ya watu wazima huku akigeuza uso. Alikuwa na haraka na alikuwa na huzuni, na hizo mbili zikikaa pamoja huzaa hasira. Wiki zilipopita akaanza kuzungumza na Mwenda kwenye simu akiwa nje, akidhani kiharusi kimekula na masikio.

"Mimi siwezi kuacha kazi," alisema. "Na wewe huwezi kumshika. Sasa tufanye nini?"

Wakanipeleka kwenye nyumba ya wazee, inayoendeshwa na kanisa, kule juu Kibugu karibu na msitu. Kagendo aliniambia nitakaa mpaka nipate nafuu. Nilifundisha watoto miaka mingi. Najua sauti ya mtu anayesema jambo asiloliamini.

Nyumba yenyewe ilikuwa safi. Nasema hivyo kwa haki. Ilinuka sabuni na uji, na nje ya dirisha kulikuwa na chai mpaka macho yachoke. Msimamizi wake tulimwita Metroni, mwanamke mpole aliyependa kimya. Mhudumu wa upande wetu aliitwa Wawira, mwenye mikono mikubwa na miguu isiyotulia. Siku ya kwanza alinilisha uji kama anayejaza gunia.

"Fungua mdomo, Cucu. Hivyo. Fungua tena."

Cucu ni nyanya kwa lugha yao, kwetu ni juju, na mimi sikuwa nyanya wa mtu, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa mzima kabisa. Lakini alikuwa na vinywa vingi vya kujaza kabla ya saa ya sala, na mtu mwenye kiharusi akijilisha mwenyewe, uji hupoa na shuka huchafuka. Basi nikafungua mdomo. Baada ya siku chache nikawa naufungua nikisikia tu kijiko kikigonga bakuli. Hapo ndipo nilipojiogopa.

Aliyenikuta katika hali hiyo ni Ireri. Ireri ni kijana wa Embu, rika moja na Mwenda, na kazi yake watu wengi hawaijui. Walimwita daktari wa mazoezi, naye akawa anakataa kila mara. Wa mazoezi alikuwa mwingine, aliyekuja kunyoosha miguu.

"Mimi ni OT," aliniambia, akakaa kwenye kiti badala ya kunisimamia kichwani. "Kazi yangu ni zile kazi za kila siku. Kula, kuvaa, choo, kupika. Mtu akizipoteza, tunazitafuta tena, moja moja. Sasa niambie, Mwalimu. Ukirudi nyumbani kesho, kitu gani lazima ujifanyie mwenyewe?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali tangu nianguke. Walimwuliza Kagendo nikiwa nimekaa katikati yao. Nikakusanya ulimi wangu wote.

"Choo," nikasema. Kisha, kwa sababu alikuwa bado anangoja: "Nguo. Kijana... haingii."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Hata mimi siingii kwa mama yangu," alisema. "Basi tunajua kazi yetu."

Ndivyo mambo yalivyosimama, na nakuomba uyashike hivyo hivyo. Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo hangeweza kunivalisha, kunifuta wala kuniinua. Ningejifunza kujifanyia hayo yote mwenyewe, la sivyo ningekufa Kibugu nikitazama chai ya watu.

Alianza na kijiko. Alichukua kijiko cha kawaida akazungushia mpini kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka ukawa mnene kama gunzi la hindi, ili vidole vyangu vilivyolegea viweze kuushika. Akaweka kitambaa chenye maji chini ya bakuli lisiteleze. Kisha akamwambia Wawira asinilishe.

"Ukimlisha, mkono unalala," alisema.

"Na wewe ukishaenda na hiyo kijiko yako," Wawira akajibu, "ni nani anafua mashuka? Ireri, unakujanga hapa siku mbili kwa wiki. Mimi niko hapa kila siku na wazee wote hawa, na mikono ni hizi mbili tu."

Metroni naye akaja akasema kwa upole wake kwamba kifungua kinywa kinachelewesha sala. Ireri akawaomba waanze na mimi peke yangu, na uji wangu upikwe mzito usimwagike. Wawira alisonya, lakini akaupika mzito. Sitamsema vibaya. Alikuwa na haki, na Ireri alikuwa na haki, na katikati ya haki zao mbili mimi nilikuwa na uji mapajani.

Kuvaa ndiko kulikonivua utu kwanza. Mwanamume wa umri wa mwanangu atanifundishaje kuvaa nguo ya ndani? Nilimwonyesha kwa mkono aondoke. Akaondoka, na wiki iliyofuata akaja na kaptura kubwa ya mpira, ya rangi ya bendera ya timu sijui gani, akaniambia nijifunze kuivaa juu ya gauni. Mguu mgonjwa kwanza, huku nimeketi, kisha mzima, kisha kulala upande na kuvuta. Mkono hali kadhalika: wakati wa kuvaa mgonjwa hutangulia, wakati wa kuvua huwa wa mwisho. "Kama kwenye foleni ya hospitali," alisema, "mgonjwa sana anapita mbele." Nilivaa na kuvua kaptura ile mbele ya kila mtu mpaka wazee wakaniita Kipa. Kisha siku moja akavuta pazia, akasimama upande wa pili akinipa mgongo, akaniambia sasa tufanye ya kweli. Alikuwa akiniongoza kwa sauti tu. Nilipomaliza nilikuwa na jasho kama la kupalilia shamba zima, na nguo nimeivaa nyuma mbele. Nililia, naye akanisikia, akangoja.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa Ciarunji, bibi wa Kibugu hapo hapo, aliyechuma chai tangu ujana. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja vikawa ngumi. Ireri alimletea chai mbichi katika beseni, matawi kwa majani, akamwambia amchumie. Mwanzo alitukana. Kisha vidole vikakumbuka vyenyewe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na ngumi ikafunguka kiasi cha kuoshwa ndani. Nyumba ya mwanawe tuliiona dirishani, ya mabati ya buluu, na moshi wake tuliuona jioni. Nilimwuliza atarudi lini.

"Nirudi wapi? Huku kuna choo ya ndani," alisema, akaendelea kuchuma.

Mvua za masika zilipita, ukungu wa Julai ukaja, ule unaokaa juu ya chai mpaka mchana. Mwenda alikuja akiwa na gunia la viazi vya kuliwa na wazee wote na alikaa ukingoni mwa kiti ukumbini, kofia mkononi. Tulizungumza habari za mbegu. Kagendo naye alikuja Jumamosi, akanisuka, na wao wawili walipokutana walizungumza kama watu waliouziana ng'ombe mgonjwa.

"Ungeingia tu," nilimsikia Kagendo akimwambia nje. "Ni mama yako, si ni mama yako?"

"Ungekuwa wewe mwanaume ungejua."

"Ningekuwa mwanaume angekuwa anatembea!"

Mimi nilikuwa dirishani nikijifunga vifungo kwa mkono mmoja.

Kabla ya mvua za vuli wakaitisha kikao. Metroni, Ireri, watoto wangu, na mimi nimevaa mwenyewe, kila kitu upande wake, hata soksi. Nilikuwa naweza kutoka kitandani, kufika chooni na fimbo, kujifuta, kujisafisha. Nilijua Ireri atasema niende. Metroni akamwuliza. Ireri akamgeukia Mwenda.

"Mwenda, nikuulize. Ukimkuta mama ameanguka chumbani, utafanya nini?"

Kagendo akatazama dari. Kwenye jiko Wawira alikuwa akiosha sufuria, naye akaacha kuosha.

"Nitaita mtu," Mwenda akasema.

"Basi kwa maoni yangu, bado," Ireri akasema.

Nilimchukia. Naandika neno hilo nikilijua. Kijana huyu alinifundisha kujifuta, nikamwonyesha aibu yangu yote, naye akaitumia aibu ya nyumba yangu kunifungia mlango mbele ya watu. Nilimwambia kwa ulimi wangu mzito kwamba yeye ni msaliti. Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa jina lake. Akasema mtu akitoka Kibugu na kuanguka mara ya pili bila wa kumwinua, hurudi akiwa na nyonga iliyovunjika, na huyo harudi tena nyumbani. Akasema anataka kwenda kuiona nyumba yangu.

Tulikwenda wote. Sikuwa nimeiona Kibirichia tangu nibebwe. Ua ulikuwa umejaa magugu, na sebuleni kwangu kulikuwa na magunia ya mbegu za viazi vya shangi yamepangwa mpaka dirishani, zimeanza kuchipua. Hakuna aliyekuwa amehesabu kwamba nitarudi. Mwenda akaanza kuyahamisha haraka haraka, akisema ni ya muda tu.

Ireri alikagua kila kitu. Alipima kizingiti, akatikisa kitanda, akakaa kwenye choo cha nje akaomba kigingi cha kushikilia kipigiliwe ukutani. Alitaka mkeka uondolewe maana fimbo ingenaswa. Akamwomba Mwenda aingie amshikie upande wa pili wa futi wapime kitanda. Mwenda alisimama sebuleni na futi ikaning'inia. Ireri akapima peke yake.

Kisha akasema jambo ambalo kila mtu alilipenda. Kitanda kihamishiwe sebuleni. Hapo Mwenda anaweza kuingia wakati wowote, na neno la chumba linakwisha.

"Hata mimi nilikuwa nimefikiria hivyo," Mwenda akasema, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu msimu ule wa viazi.

"Mimi sikufikiria," nikasema.

Najua walivyoniona. Mkaidi, mzee, hataki kusaidiwa. Lakini kwetu kitanda kikiwekwa sebuleni watu wanajua mwenye nyumba ameshaanza kuaga. Wanakuja na mkate na sukari, wanakaa kuzunguka kitanda wakinywa chai, wanakutazama unavyopumua, na mwenye haya na asiye na haya wote wanakuona ukigeuzwa. Mwili wangu umetazamwa na madaktari, wauguzi, mama wa kuombea, Wawira na wanafunzi wa udaktari waliosimama mstari. Nilitaka chumba kimoja duniani chenye mlango. Na kama mlango huo ndio ulioniua mkono, basi ni mlango wangu.

Nikawaambia hivyo. Si kwa maneno mengi. Sina ulimi wa maneno mengi sasa. Nilisema: "Chumbani. Au Kibugu."

Kagendo akatoka nje akalie kwenye ua. Ireri akaikunja futi yake. Akamwuliza Mwenda, "Kiti kinaweza kuingia?"

"Kiti?"

"Wewe huingii, sawa. Kiti kinaingia?"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuinuka kutoka sakafuni. Nitakueleza, maana huenda ukaihitaji, na usiijaribu kwa mara ya kwanza ukiwa peke yako. Kwanza usiamke. Lala uhesabu viungo, uone kama kuna kinachouma kupita kiasi. Geukia upande mzima. Jisukume kwa kiwiko mpaka ukae. Kisha utafute kiti imara, kisichoteleza, ukiegemee kwa mkono mzima, upige magoti, uweke mbele mguu mzima, usukume. Kwenye karatasi ni rahisi. Kule Kibugu Ireri alinilaza chini kwenye godoro jembamba, naye Wawira alipopita akapiga kelele kwamba mzee ameangushwa. Alipoambiwa nimelala kwa kupenda, akasema sisi sote wawili tunahitaji daktari wa kichwa. Lakini kesho yake alinishonea pedi za magoti kwa blanketi kuukuu, akanitupia kitandani bila neno.

Mwenda aliitwa aje ajifunze sehemu yake. Ukumbini si chumbani, kwa hiyo angeweza kuwepo. Nilitambaa mbele ya mwanangu kwa magoti, nikihema, gauni limejikunja. Aligeuza uso.

"Usiangalie ukuta," Ireri alimwambia. "Usimwangalie mama pia kama huwezi. Angalia kiti. Kazi yako ni kiti."

Mwenda akaangalia kiti. Alikisukuma, akakishika kisiteleze, macho yamekwama kwenye miguu ya kile kiti kana kwamba ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Nilipanda. Wazee wakapiga makofi, wakaita, "Kipa!"

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Siku ya kuondoka Ciarunji hakunipa mkono. Alikuwa na beseni lake mapajani, akasema, "Wewe nenda. Utarudi." Wawira alinifungia kijiko changu cha tyubu kwenye gazeti. Ireri hakuwepo; siku zake hazikuwa hizo.

Nilirudi mvua za vuli zikiwa zimeanza, watu wanapanda. Nilichotaka kukwambia kuhusu kurudi nyumbani ni kwamba hakuna anayekungoja. Watu hukufurahia Jumapili ya kwanza, kisha wanakuzoea ulivyo, na wewe hujajizoea. Namenya viazi kwa ubao ambao Ireri aliupigilia misumari miwili, unakichoma kiazi juu yake kikae. Nasahihisha Kiswahili cha redio peke yangu. Mkono wa kulia hauandiki. Haya naandika kwa wa kushoto, na mwandiko wangu ungenipatia adhabu darasani kwangu. Mke wa Mwenda hupiga simu Jumapili, huniuliza naendeleaje, kisha anasema lazima aende, mzee wake anataka kugeuzwa.

Msimu wa kuchimba viazi ukafika tena. Lori likaegeshwa pale pale. Nilikuwa nimeketi kitandani asubuhi, nimevua gauni la kulalia na sijavaa la mchana, nikateleza. Kati ya kitanda na sanduku. Mahali pale pale, hata sakafu iliniona ikanijua.

Mwenda alikuja na maziwa. Akaita. Safari hii nilikuwa na ulimi.

"Nimeanguka."

Nikasikia akiweka maziwa chini. Kisha, Mungu wangu, ile sauti:

"Mama, umevaa?"

"Sijavaa!" nikampigia kelele, na nilikuwa na hasira ya mwaka mzima katika neno hilo. Nilingoja kusikia buti zikikimbia. Wanawake wote walikuwa shambani.

Buti hazikukimbia. Mlango ukafunguka polepole na kikaingia kiti, kile cha jikoni cha mbao, miguu yake ikikwaruza simenti. Nyuma yake kulikuwa na mpini wa jembe, na nyuma ya mpini mgongo wa mwanangu. Alikuwa amesimama sebuleni, ameupa chumba kisogo, anasukuma kiti kinyumenyume bila kuona, visigino vya buti vikigusa kizingiti.

"Niambie pa kwenda," alisema.

"Nyuma yako. Kulia kwako. Hapana, kulia. Nyuma kidogo."

Kiti kikagonga sanduku, kikarudi, kikanifikia mkononi. Nikahesabu viungo. Nikageuka, nikapiga magoti nikiwa uchi kama nilivyozaliwa, nikaweka mguu mbele, naye akaushikilia mpini usirudi nyuma wakati naegemea. Ilichukua muda. Hakuuliza mara nyingine.

"Nimekaa," nikasema.

"Umekaa?"

"Nimekaa, Mwenda."

Akauvuta mpini. Hakuondoka. Nikasikia akilia upande ule wa mlango, kilio cha mwanamume, cha puani, na mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupita mtu. Ningeweza kumwambia aingie. Alikuwa akingoja, naamini, na mimi nilijua kwamba anangoja. Neno lenyewe ni dogo, hata ulimi wangu ungeliweza.

Nilivuta gauni kutoka kitandani, nikaanza na mkono mgonjwa.